Kwa nini surua haimrudii mtu, lakini malaria humrudia?

Kila tunapozungumzia chanjo kwenye kipindi cha afya, maswali yanayotufikia hufanana. Mtoto amechanjwa surua akiwa na miezi 9, kwa nini aitwe tena akiwa na miezi 18? Mama amechomwa sindano ya pepopunda katika mimba ya kwanza, kwa nini achomwe tena katika mimba ya pili? Na kama mtu aliyeugua surua haimrudii, kwa nini malaria inamrudia mtu yuleyule mwaka baada ya mwaka?

Maswali haya yote yanahusu jambo moja, nalo ni kumbukumbu ya mfumo wa kinga. Mwili huwakumbuka wadudu waliowahi kuuingilia. Lakini kumbukumbu hiyo haiji kwa mara moja, na haifanani kwa kila ugonjwa. Katika makala hii tunaeleza inavyojengwa, inakokaa, inavyofanya kazi mdudu anaporudi, na kwa nini wakati mwingine inahitaji kukumbushwa.

Watu waliliona zamani

Jambo hili lilionekana kabla hata ya darubini. Mwaka 430 kabla ya Kristo ugonjwa mkali uliupiga mji wa Athens huko Ugiriki. Mwandishi Thucydides, ambaye naye aliugua akapona, aliandika kwamba waliopona ndio waliowahudumia wagonjwa bila hofu, kwa sababu ugonjwa ule haukumshika mtu mara ya pili, au ukimshika haukumuua.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulikuja mwaka 1846 kutoka visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark katika bahari ya Atlantiki. Visiwa hivyo vilikuwa na watu wasiofika 8,000. Surua ilipoingia ikawaangusha zaidi ya 6,000 katika miezi michache. Daktari kijana, Peter Panum, alitumwa kwenda kuchunguza. Aligundua kwamba mara ya mwisho surua kuingia visiwani ilikuwa mwaka 1781, yaani miaka 65 nyuma. Wazee waliougua utotoni mwaka ule wa 1781 walikuwa bado hai, na hakuna hata mmoja wao aliyeugua tena. Wazee wenzao ambao hawakuwahi kuugua surua walishikwa kama watoto.

Tafakari maana yake. Kwa miaka 65 miili ya wazee wale haikukutana na surua hata mara moja, na bado ilikumbuka. Kumbukumbu hiyo ilikuwa imekaa wapi?

Mdudu anapoingia mara ya kwanza

Mwili una ulinzi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa haraka na haubagui. Kuna ngozi, kamasi, na seli zinazommeza mdudu yeyote zinayemkuta. Ulinzi huu huanza kazi ndani ya saa chache, lakini hauna kumbukumbu kubwa.

Wa pili ni wa polepole na unachagua. Baadhi ya seli zilizommeza mdudu hubeba vipande vyake hadi kwenye tezi za limfu. Tezi hizi ziko shingoni, kwapani, kwenye kinena na sehemu nyingine nyingi. Mguu ukiwa na kidonda kisha tezi za kwenye kinena zikavimba, tunasema mtu ametoka mitoki. Mitoki ni alama kwamba kazi inaendelea humo ndani.

Ndani ya tezi kuna chembe nyeupe za damu za aina mbili ambazo wanasayansi wamezipa majina ya seli B na seli T. Kila moja ina kishikio chenye umbo lake, na inaweza kushika kitu kimoja tu, au vichache vinavyofanana nacho. Mwili hutengeneza mamilioni ya maumbo tofauti kwa kubahatisha, hata kabla ya kukutana na ugonjwa wowote. Seli nyingi huzaliwa na kufa bila kupata kinachowafaa kushika. Lakini virusi vya surua vikiingia, kuna seli chache ambazo umbo la kishikio chake linavikaa sawasawa.

Seli hizo chache huamka na kuanza kugawanyika: moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, mpaka zinafika maelfu kwa maelfu. Kazi hii inachukua siku kadhaa. Kingamwili, yaani zile protini zinazotolewa na seli B ili kumnasa mdudu, huanza kuonekana kwenye damu baada ya kama wiki moja. Katika siku hizo mdudu naye anazaliana. Ndiyo maana mara ya kwanza mtu huugua. Mwili unao uwezo wa kupigana, ila unakuwa bado unahesabu askari.

Kama kuchagua mbegu

Baada ya hapo hufuata hatua ambayo wengi hawaijui, na ndiyo inayojibu maswali mengi ya chanjo.

Mkulima anayetunza mbegu yake mwenyewe hachukui hindi lolote. Baada ya mavuno huchagua mahindi bora, huyapanda, na msimu unaofuata huchagua tena katika yale yaliyotoka. Baada ya misimu kadhaa mbegu yake inakuwa imelizoea shamba lake.

Seli B hufanya jambo linalofanana na hilo ndani ya tezi. Kila zinapogawanyika, umbo la kishikio hubadilika kidogo. Nyingine hushika vibaya zaidi, nazo hufa. Nyingine hushika vizuri zaidi, nazo huruhusiwa kuendelea. Wanaotoa ruhusa hiyo ni seli T wasaidizi. Hizi ndizo seli ambazo virusi vya UKIMWI hushambulia, na ndiyo sababu mtu mwenye VVU asiyetumia dawa hupoteza uwezo wa kujenga kinga mpya na hata kutunza ile ya zamani.

Uchaguzi huu huendelea kwa wiki kadhaa, hata baada ya mgonjwa kupona na kurudi shambani. Mwishoni hupatikana makundi haya.

Kundi la kwanza ni seli zinazotengeneza kingamwili. Baadhi yake huhamia kwenye uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa, na huko huendelea kutoa kingamwili kidogo kidogo kwa miaka, hata miongo.

Kundi la pili ni seli B za kumbukumbu. Hizi hazitoi kingamwili. Hukaa kimya kwenye tezi na bandama au huzunguka kwenye damu, zikimsubiri mdudu yuleyule.

Kundi la tatu ni seli T za kumbukumbu. Vita vikiisha, takribani tisa katika kila kumi ya seli T zilizopigana hufa, maana mwili hauwezi kulisha jeshi kubwa wakati wa amani. Zinazobaki ndizo kumbukumbu. Baadhi huzunguka mwilini, na nyingine huweka makazi mahali mdudu anapopitia, kama kwenye ngozi, mapafu na utumbo.

Kwa hiyo wazee wa Faroe walikuwa na kumbukumbu kwenye mifupa, kwenye tezi na kwenye damu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa damu ya watu 32 waliokuwa hai wakati wa homa kubwa ya mafua ya mwaka 1918. Walikuwa na umri wa miaka 91 hadi 101, na wote bado walikuwa na kingamwili dhidi ya virusi vile.

Mdudu anaporudi

Mara ya pili mambo huwa tofauti. Kwanza, kingamwili zilizomo tayari kwenye damu zinaweza kumnasa mdudu kabla hajaingia kwenye seli hata moja. Akipenya, seli za kumbukumbu ni nyingi kuliko zile chache za mwanzo, zimeshachujwa, na huamka kwa urahisi. Kingamwili hupanda ndani ya siku chache badala ya wiki, huwa nyingi zaidi na hushika kwa nguvu zaidi. Mara nyingi mtu hajui hata kwamba aliingiliwa.

Chanjo hufanya kazi hiyohiyo bila kumtia mtu kwenye hatari ya ugonjwa. Humwonyesha mwili mdudu aliyedhoofishwa, au aliyeuawa, au kipande chake tu, ili uchaguzi wa mbegu ufanyike kabla mdudu mwenyewe hajafika.

Kwa nini sindano zaidi ya moja?

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea kwa kudhani kwamba dozi ya pili ni marudio tu. Sababu za kurudia zinatofautiana.

Tuanze na surua. Mtoto huzaliwa akiwa na kingamwili alizopewa na mama yake kupitia kondo la nyuma. Zinamlinda miezi ya mwanzo, lakini kama bado zipo wakati wa chanjo, zinaweza kuvinasa virusi vya chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza. Watoto 100 wakichanjwa wakiwa na miezi 9, takribani 85 hupata kinga. Kwa wale 15 waliobaki, chanjo haikushika, ingawa kadi inaonyesha wamechanjwa. Kwa kumtazama tu mtoto huwezi kumjua yupo kundi gani. Dozi ya miezi 18 huwapa wale 15 nafasi nyingine, na wengi wao hushika. Surua huenea kwa urahisi kuliko karibu magonjwa yote tunayoyajua. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 mahali ambapo hakuna mwenye kinga. Watoto 15 wasio na kinga katika kila 100 wanatosha kuleta mlipuko kijijini.

Pepopunda ni habari nyingine. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na huingia kwa kidonda cha jembe, msumari au mwiba, au kwa kitovu cha mtoto mchanga kilichokatwa kwa kifaa kichafu au kupakwa kinyesi cha ng'ombe. Kinachoua ni sumu yao. Sumu hiyo ni kali kiasi kwamba kiwango kidogo kinachoweza kumuua mtu hakitoshi hata kuuamsha mfumo wa kinga. Kwa hiyo aliyeugua pepopunda akapona hana kinga. Ni lazima naye achanjwe. Huu ni ugonjwa ambao haumfundishi mtu chochote, na chanjo ndiyo mwalimu pekee.

Chanjo yenyewe hutumia sumu iliyovunjwa makali, na mwili unahitaji kuonyeshwa mara kadhaa. Kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuchanjwa, hesabu inakwenda hivi:

Dozi ya kwanza huanzisha tu kazi, kinga yake ni ndogo mno.
Dozi ya pili, angalau wiki 4 baadaye, hulinda kwa mwaka 1 hadi 3.
Dozi ya tatu, angalau miezi 6 baadaye, hulinda kwa miaka 5 au zaidi.
Dozi ya nne, angalau mwaka 1 baadaye, hulinda kwa miaka 10 au zaidi.
Dozi ya tano, angalau mwaka 1 baadaye, hulinda miaka yote ya uzazi.

Angalia jinsi kila mara muda unavyorefuka. Kila dozi huziamsha seli za kumbukumbu, uchaguzi unafanyika upya, na seli nyingi zaidi huhamia kwenye uboho. Kingamwili za mama ndizo zinazomfikia mtoto tumboni na kumlinda siku zake za kwanza. Ndiyo maana mama mjamzito huulizwa ameshapata dozi ngapi.

Hiyo pia ndiyo sababu ya kuachanisha dozi. Chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, inayomkinga mtoto dhidi ya pepopunda, dondakoo, kifaduro, homa ya ini ya B na aina moja ya bakteria wa homa ya mapafu na uti wa mgongo, imepangwa kwa kupishana wiki 4 ili uchaguzi wa kwanza upate muda. Ukipanda tena kabla hujavuna, hujachagua mbegu.

Na aliyechelewa? Kumbukumbu iliyokwisha kuanza haifutiki kwa sababu ya kuchelewa. Haanzi upya, anaendelea pale alipoishia. Mama asione aibu kurudi kliniki baada ya miezi mingi.

Malaria inavyoikwepa kumbukumbu

Virusi vya surua vina sura ambayo haibadiliki sana. Aliyeikumbuka mwaka 1781 aliitambua mwaka 1846. Kimelea cha malaria si hivyo.

Kwanza, kimelea hiki hubadili maisha yake. Kikitoka kwa mbu kina umbo moja, ndani ya ini lingine, na ndani ya chembe nyekundu za damu lingine tena. Anayekitambua katika hatua moja si lazima akitambue katika nyingine. Pili, kikiwa kwenye chembe nyekundu hupachika juu yake protini ya kujishikiza kwenye mishipa ya damu. Kimelea kimoja cha aina ya falsiparamu kina takribani mapishi 60 tofauti ya protini hiyo, na hubadili kutoka pishi moja hadi jingine. Mwili ukishaitambua nguo moja, chenyewe kimeshavaa nyingine. Tena vimelea vya kijiji hiki na vya kijiji kile vinaweza kuwa na mapishi yasiyofanana.

Hata hivyo kumbukumbu hujengwa, ila kidogo kidogo, nguo baada ya nguo, kwa kuugua mara nyingi. Watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 5, ndio wanaokufa zaidi kwa sababu bado hawajakusanya kumbukumbu hizo. Mtu mzima aliyekulia penye malaria nyingi anaweza kuwa na vimelea kwenye damu asiumwe sana. Kinga yake ni nusu: inapunguza ukali, haizuii kuambukizwa. Pia hupungua akiondoka. Aliyeishi miaka kadhaa mahali pasipo na malaria, iwe nyanda za juu au ng'ambo, akirudi nyumbani asidhani bado ni yule wa zamani. Alale kwenye chandarua, na homa ikimshika akapime mapema.

Mwanamke mwenye mimba ya kwanza yuko katika hatari ya pekee. Kondo la nyuma ni mahali papya mwilini, na vimelea vinavyojishikiza pale huvaa nguo ambayo mwili wake haujawahi kuiona, hata kama amekulia kwenye malaria. Katika mimba zinazofuata mwili huwa umeanza kuitambua. Kwa hiyo dawa za kuzuia malaria zinazotolewa kliniki ni muhimu sana kwa mimba ya kwanza, na si za kuachwa katika nyingine.

Chanjo za malaria, ambayo ya kwanza ilianza kutolewa kwa watoto wa Kenya, Ghana na Malawi mwaka 2019, humlenga mdudu katika umbo lile la kwanza anapotoka tu kwa mbu. Kinga yake hupungua kadiri muda unavyopita, na ndiyo sababu hutolewa kwa dozi 4, na chandarua kinabaki palepale.

Wafugaji wanalijua hili

Ndama aliyepona ndigana kali hupata kinga ya muda mrefu. Chanjo iliyobuniwa Muguga nchini Kenya hutumia ukweli huo: ndama huchomwa vimelea hai pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini inayokaa muda mrefu mwilini, ili augue kidogo tu na kujenga kumbukumbu. Hapa kazi kubwa hufanywa na seli T, ambazo hutambua na kuua seli zilizoingiwa na kimelea. Kuku naye, anayetiwa chanjo ya kideri kwa tone la jicho, kinga yake hushuka mapema, hivyo huchanjwa tena kila baada ya miezi 3. Ukiona wa huku anachanjwa mara moja na wa kule kila msimu, si biashara ya dawa tu. Kila ugonjwa una kumbukumbu yake.

Kumbukumbu inayodhuru na kumbukumbu inayofutwa

Wakati mwingine mwili hukumbuka vibaya. Mtu mmoja akiumwa na nyuki mara ya kwanza huvimba tu. Lakini mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili za aina ya mzio dhidi ya sumu ya nyuki. Akiumwa tena, ndani ya dakika chache anaweza kuvimba uso, kubanwa pumzi na kuanguka. Huyo hasubiri. Awahishwe hospitali mara moja, na akipona akae mbali na mizinga.

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi. Virusi vya surua hupenda kuingia kwenye seli za kumbukumbu zenyewe na kuziharibu. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wa damu ya watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, iliyochukuliwa kabla na baada ya kuugua surua. Walikuta watoto hao wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto aliyekwisha kujifunza kupambana na vichomi na kuhara anarudishwa nyuma kama hajawahi kujifunza. Baada ya kupona surua hubaki dhaifu kwa miezi, hata miaka. Vifo vingine tunavyovihesabu kuwa vya nimonia au kuhara vilianzia kwenye surua iliyopita.

Chanjo ya surua haifuti kumbukumbu hizo. Kwa hiyo anayesema ni afadhali mtoto augue apate kinga ya asili, ajue bei yake. Mtoto atapata kumbukumbu ya ugonjwa mmoja na kupoteza ya mingine mingi.

Ya kushika

Kadi ya kliniki itunzwe kama hati ya shamba, maana ndiyo inayoonyesha mwili umefundishwa nini na kimebaki nini. Mtoto wa miezi 18 arudishwe kwa dozi ya pili ya surua hata kama anaonekana mzima kabisa. Kama tarehe imepita, mpeleke alivyo, hataanzishwa upya. Ukijikata shambani, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, nenda kituo cha afya, na useme mara ya mwisho ulichomwa lini sindano ya pepopunda. Na kama hukumbuki, sema hivyohivyo, muuguzi atajua pa kuanzia.